Kinanda cha Santuri na Haki za Warithi

Kwa miaka mingi tulikuwa na santuri 5 za marhumu mama yetu tusizoweza kuzisikiliza. Zilikuwa zimefungwa kwa leso na kuwekwa juu ya kabati, nazo zilikuwa na sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule msomaji wa Misri ambaye usomaji wake wa Qur'ani nzima kwa tartili ulianza kutolewa katika santuri mwaka 1961. Jamaa yetu mmoja baharia ndiye aliyemletea mama. Vijana wa leo watatuambia kwamba sauti hiyo hiyo imo ndani ya simu zao, nao ni wakweli. Lakini mama hakuishika simu, alizishika hizi.

Basi ikatokea kwamba mume wa mama mmoja wa mtaani kwetu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Tulipokwenda kumpa pole mjane katika eda yake, tukizungumza naye mahramu zake wakiwapo, aliinua kidole akaonyesha pembeni mwa ukumbi: "Maalim, kile kinanda kichukue tu. Chatujazia nyumba. Mwenye vyuma chakavu atoa elfu tatu, bora ukipate wewe."

Kilikuwa ni kitu kizito mno, hata vijana wawili walikiinua kwa kuguna. Tulimwita fundi mmoja wa redio aje akitazame kabla hatujasema neno. Alipiga magoti, akaliondoa sinia la juu, akanyamaza kitambo. Kisha akatueleza kwamba ile ni Lenco L75, iliyotengenezwa Burgdorf, nchini Uswisi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Uingereza ikiuzwa kwa jina la Goldring-Lenco GL75. Sinia lake pekee lina uzito wa yapata kilo 4. Halizungushwi kwa mkanda. Chini yake mna gurudumu dogo la mpira lililosimama wima, nalo linagusa mhimili wa mota uliochongwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ukilisogeza gurudumu kwa wenzo, mwendo unaongezeka au unapungua taratibu, kuanzia mizunguko 16 kwa dakika hadi 78 na zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo kinafaa hata kwa zile santuri kongwe, kama alizokwenda kurekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, ambazo si zote zilizokatwa kwa mwendo mmoja kamili. Ila hizo zinataka sindano yake, iliyo pana zaidi. (Kuhusu ala za muziki wanazuoni wamehitilafiana, nasi hatutaufungua mlango huo leo.)

Lakini kilichomshangaza fundi ni mkono wa marehemu. Kiwandani mashine hii ilikaa katika kisanduku chepesi chenye springi. Marehemu alikitupa kisanduku, akagandamanisha mbao za mvule tabaka juu ya tabaka mpaka zikawa gogo moja, akalichonga ndani kwa umbo la mtambo, akaufunga humo kwa skrubu ili usitikisike. Ule mkono unaobeba sindano hukalia vipande viwili vya mpira ambavyo, kwa maradhi yanayojulikana ya mashine hizi, huliwa na umri vikawa makombo. Yeye alivichonga upya kwa shaba nyeupe. Waya za ndani ya mkono alizibadilisha zote. Chini ya gogo aliandika vipimo vyake kwa penseli, na juu ya vipimo akaandika Bismillahi.

"Hii si elfu tatu," fundi alituambia tulipotoka nje. "Mwenye kujua atatoa elfu arobaini, pengine hamsini."

Hapa hatuna budi kusema kweli. Nafsi ilitunong'oneza kwamba mwenye mali ameshatupa kwa ridhaa yake, tena mbele ya mashahidi. Tulilala na wazo hilo usiku mmoja. Asubuhi mwenzetu wa nyumbani aliuliza swali moja tu: "Watoto wa marehemu wangapi hawajabaleghe?" Walikuwa watatu, mwana mmoja na mabinti wawili, na hakuna aliyebaleghe. Mama mzazi wa marehemu naye yu hai. Kile kinanda, basi, hakikuwa cha mjane peke yake hata aweze kukitoa, na sisi tunaowasomesha watu Suratun Nisaa ndio tuliokuwa tukisahau.

Tulirudi tukamweleza thamani yake, tukakubaliana, yeye na wasimamizi wa mirathi, shilingi 48,000. Marehemu hakuacha deni wala wasia, kwa hivyo hesabu ilikuwa wazi. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, thumni: 6,000. Mama wa marehemu, sudusi: 8,000. Zikabaki 34,000 kwa watoto, mwana 17,000 na kila binti 8,500. Dada zetu wanaosoma ukurasa huu na wazingatie jambo hilo, kwani tumeona nyumba ngapi ambazo vyombo, cherehani na majokofu hugawanywa kwa "chukua tu" wiki ya matanga, na ya mayatima yakapotea humo bila ya mtu kukusudia ubaya. Sisi tulilipa kwa miezi minne, na nyumbani kwetu mapazia mapya yalingojea.

Tulipokiweka hatimaye na kuiteremsha sindano, palitoka mchakato mdogo kama wa mafuta ya kukaanga, kisha ikaja sauti. Tulikuwa tumezoea kumsikia al-Husary kwenye spika ndogo, herufi zikibanana. Hapa kila madd ilikuwa na nafasi yake, na pumzi yake kabla ya aya ilisikika chumbani. Tangu siku hiyo, baada ya Isha, hugeuza upande mmoja tu, na simu huachwa chumba cha pili. Upande hauruki mbele; lazima usikilizwe hadi mwisho.

Eda ilipokwisha, mjane alitutembelea pamoja na wanawe. Tuliwawekea santuri. Mwana, aliye na miaka 11, alisikiliza kidogo, akamtazama mamake, kisha akatuomba ruhusa. Akausogeza ule wenzo nyuma kiasi cha unene wa ukucha.

"Baba alikuwa akiuweka hapa," alisema. "Hapo mlipouweka yakimbia."

Naam, ilikuwa ikikimbia. Kwa muda wote ule tulikuwa tukimharakisha al-Husary, wala hatukujua.