Taa ya 4WD ikiwaka: pima waya kwanza kabla ya kuagiza spea Guangzhou

Xintang ni mji mdogo ulioko katika wilaya ya Zengcheng, mashariki ya Guangzhou, kusini mwa China. Mji huo unajulikana kwa utengenezaji wa suruali za jinzi, na miongoni mwa wanunuzi wanaofika huko wamo wafanyabiashara kutoka Afrika. Tangu mwezi Desemba mwaka 2017, mtu anaweza kufika Xintang kwa treni ya chini ya ardhi, njia namba 13.

Lakini mfanyabiashara wa nguo kutoka Kariakoo au Gikomba anapofunga safari ya Guangzhou, huenda akabeba pia ombi lisilohusu nguo. Ndugu aliyebaki nyumbani anataka spea ya gari. Hilo si jambo la ajabu, kwa kuwa Guangzhou ni mji wa magari. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilianza ubia hapo mwaka 1985, Honda ya Japani ikachukua nafasi yake mwaka 1998, na mwaka 2006 kiwanda cha pili cha ubia wa Honda kilianza kazi huko huko Zengcheng. Maduka ya spea ni mengi na bei zake zinavutia.

Hata hivyo, kuna tatizo moja ambalo linafaa kuchunguzwa vizuri nyumbani kabla fedha haijatoka mfukoni. Nalo ni mfumo wa 4WD unaoongozwa na umeme, katika gari lililokwisha tembea miaka mingi.

Tuchukue mfano wa Nissan X-Trail ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000, au Toyota RAV4 iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2005. Magari ya aina hii ni mengi katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda. Mvua za masika zinaponyesha, mwenye gari anaingia kwenye matope, anabonyeza swichi ya LOCK, lakini magurudumu ya mbele yanazunguka bure na ya nyuma yamekaa kimya. Fundi anasema klachi ya difu ya nyuma imekufa. Simu inapigwa hadi China, spea inanunuliwa, inasafirishwa, inafungwa, na taa ya 4WD inaendelea kuwaka vile vile.

Ili kuelewa kwa nini mambo huwa hivyo, ni lazima kujua mfumo huo unavyofanya kazi. Kwa kawaida gari hilo husukumwa na magurudumu ya mbele. Karibu na difu ya nyuma kuna klachi inayofungwa kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Kompyuta hupokea habari kutoka kwenye sensa za mwendo wa kila gurudumu, ambazo ndizo pia zinazotumiwa na breki za ABS. Ikiona magurudumu ya mbele yanateleza, inapeleka umeme kwenye koili, klachi inabana, na nguvu inafika nyuma. Kompyuta isipoziamini habari inazopewa, inakata umeme huo ili kulinda gari. Maana yake ni kwamba klachi inaweza kuwa nzima kabisa, lakini haipati amri.

Kwa hiyo uchunguzi uanze na vitu vya bei ndogo. Kwanza ni tairi. Zote nne ziwe na saizi moja, upepo unaotakiwa, na kashata zilizolika kwa kiasi kinacholingana. Tairi mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma huzunguka kwa mwendo tofauti, na kompyuta hudhani gari linateleza wakati wote. Katika X-Trail, taa ya 4WD inayowaka na kuzimika polepole mara nyingi ni dalili ya tofauti hiyo ya tairi. Ikiwaka na kuzimika haraka, mfumo umepata joto kali. Hapo simama mahali salama, acha injini ikiunguruma, usubiri upoe.

Pili ni betri. Ikiwa imejaa na injini imezimwa, ipime karibu volti 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Betri dhaifu huwasha taa nyingi kwa mpigo na kumchanganya fundi.

Tatu ni fyuzi, waya za ethi na soketi zilizoko chini ya gari karibu na difu. Sehemu hizo hupigwa na maji, matope na mawe, na kwa magari ya pwani huongezeka chumvi. Soketi ikifunguliwa na kukutwa na kutu ya kijani, isafishwe kabla ya kulaumu kitu kingine. Kisha koili ipimwe kwa mita. Usomaji wake ulinganishwe na kitabu cha gari hilo. Mita ikionyesha njia imekatika kabisa, basi hapo koili au waya wake una kasoro ya kweli.

Nne ni sensa za magurudumu. Taa za ABS na 4WD zikiwaka pamoja, anzia hapo. Mashine ndogo ya bei rahisi mara nyingi husoma injini peke yake, hivyo tafuta gereji yenye mashine inayosoma pia namba za makosa zinazoanza na herufi C. Gari likitembea taratibu katika barabara iliyonyooka, magurudumu yote manne yaonyeshe mwendo unaokaribiana. Moja likionyesha sifuri, mchawi ni sensa yake, waya wake au pete yake.

Jambo moja la hatari: usiinue magurudumu mawili tu kwa jeki kisha ukanyage mafuta ili kuona kama 4WD inafanya kazi. Klachi ikibana ghafla, gari linaweza kuruka kutoka kwenye jeki na kumuua mtu.

Aidha, si kila 4WD ina kompyuta. Honda CR-V za tangu mwaka 1995 hadi kizazi cha tatu zilitumia pampu mbili za mafuta katika difu ya nyuma. Ikinguruma nyuma wakati wa kukata kona, mara nyingi inadai mafuta mapya ya difu ya aina yake. Atakayekuuzia kompyuta ya kuendesha 4WD hiyo anakuuzia kitu ambacho gari halina.

Na ikithibitika kwamba klachi au kompyuta imekufa kweli, usimtumie ndugu aliyeko Xintang jina la gari na mwaka peke yake. Mtumie namba iliyoandikwa kwenye spea yenyewe, namba ya chasisi, na picha za pande zote pamoja na soketi. Spea mbili zinaweza kufanana kwa umbo na zisielewane na gari moja, na kuirudisha China gharama yake inaweza kukaribia bei ya kuinunua. Kwa nusu siku ya kupima waya, ndugu huyo anaweza kurudi nyumbani na jinzi zake tu, na gari likavuka matope.