Rafadha kubwa iendayo polepole ndiyo ipunguzayo gharama ya meli

METHALI isemayo kwamba haraka haraka haina baraka hutumiwa kila siku kuwaonya wenye pupa. Ni wachache wanaofahamu kuwa methali hiyo ni kanuni ya uhandisi pia, na kwamba chini ya tezi ya kila meli itiayo nanga Kilindini mna kifaa kinachoithibitisha.

Kifaa hicho ni rafadha, yaani lile gurudumu lenye mapanga ya shaba linalozunguka majini na kuisukuma meli. Wengine hukiita pangaboi kwa sababu umbo lake linafanana na feni ya kupunga hewa.

Tuseme nguvu ambazo injini hufikisha kwenye rafadha ya meli ya kawaida ya mizigo ni shilingi 100. Ni takriban shilingi 60 hadi 70 tu zinazoisukuma meli mbele. Zilizosalia hupotelea majini.

Hasara hiyo ina mlipaji. Shehena ziingiazo Kenya kupitia Mombasa, pamoja na zile ziendazo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, huletwa na meli. Mafuta ni miongoni mwa gharama kubwa zaidi za mwenye meli, naye huzitia katika nauli ya mizigo. Nauli hiyo nayo hatimaye humfikia anayenunua ngano, mbolea au mitumba.

Isitoshe, uchukuzi wa baharini hutoa karibu asilimia 3 ya gesi zote zinazotokana na shughuli za binadamu na kuongeza joto duniani. Ndiyo maana swali la namna ya kuunda rafadha bora limetoka katika karakana za wahandisi na kuingia katika sheria za kimataifa.

Je, nguvu hizo hupotelea wapi, na zaweza kuokolewa vipi?

Maji mengi kwa upole

Rafadha huyasukuma maji nyuma, nayo maji huisukuma meli mbele. Hapo ndipo inapozaliwa hasara ya kwanza, kwa kuwa maji yaliyosukumwa huondoka na nishati ambayo haitarudi tena.

Chukua mfano huu. Rafadha moja hukamata tani 10 za maji kila sekunde na kuyaongezea kasi ya mita 1 kwa sekunde. Nyingine, iliyo ndogo, hukamata tani 5 na kuyaongezea kasi ya mita 2 kwa sekunde. Msukumo unaopatikana ni ule ule. Lakini nishati ya kitu kiendacho huongezeka mara nne kasi yake inapoongezeka mara mbili. Kwa hivyo rafadha ndogo huacha majini nishati maradufu ya ile iachwayo na rafadha kubwa.

Mwanasayansi wa Uskoti, William Rankine, aliieleza kanuni hii kwa hesabu mwaka wa 1865, na haijatenguliwa hadi leo. Mhandisi anayetaka kuokoa mafuta sharti akamate maji mengi na kuyasukuma kwa upole, badala ya kukamata maji machache na kuyasukuma kwa nguvu.

Hasara ya pili hutokana na mzunguko. Rafadha haiyasukumi maji nyuma tu, bali huyazungusha pia kama mwiko uzungushavyo uji. Mzunguko huo hauipeleki meli popote.

Hasara ya tatu ni msuguano baina ya maji na uso wa mapanga. Kadiri mapanga yanavyokuwa mengi na mapana, ndivyo msuguano unavyozidi.

Kuhusu jambo hili historia ina kisa cha kuchekesha. Mwaka wa 1836, Mwingereza Francis Pettit Smith, aliyekuwa mkulima, alisajili uvumbuzi wa rafadha yenye umbo la skurubu ndefu ya mbao iliyojizungusha mara mbili. Mwaka uliofuata, wakati wa majaribio katika mfereji mmoja jijini London, skurubu hiyo iligonga kitu na nusu yake ikakatika. Badala ya mashua kukwama, ilienda kasi zaidi! Sehemu iliyovunjika ilikuwa mzigo mtupu.

Mnamo 1845, jeshi la majini la Uingereza liliifunga kwa kamba meli ya rafadha, Rattler, na meli ya magurudumu ya makafi, Alecto, zikavutana tezi kwa tezi. Rattler iliikokota mwenzake kinyumenyume, na tangu hapo umma haukuwa na shaka tena kuhusu uwezo wa rafadha.

Maji baridi yanapochemka

Pana adui wa nne ambaye alimshangaza hata bingwa wa injini, Charles Parsons wa Uingereza. Mwaka wa 1894, Parsons aliishusha majini meli ndogo aliyoiita Turbinia, yenye injini ya mvuke ya aina mpya iliyozunguka kwa kasi kubwa mno. Alitarajia maajabu, lakini chombo kilijikokota. Injini ilikuwa na nguvu za kutosha ila rafadha haikuweza kuzipokea.

Sababu ni kwamba panga likizunguka kwa kasi sana, shinikizo la maji upande wake wa mbele hushuka. Likishuka vya kutosha, maji hugeuka mvuke ingawa ni baridi, na viputo huzuka juu ya panga. Hali hii huitwa kavitesheni. Viputo vinapozidi, rafadha huwa kama mtu anayekimbia katika mchanga laini, hatua nyingi na safari fupi.

Madhara hayaishii hapo. Viputo hivyo vikifika penye shinikizo kubwa hupasukia ndani kwa kishindo, na vishindo hivyo vikirudiwa siku baada ya siku huweza kuchimba mashimo katika chuma na shaba.

Parsons aliunda tangi maalumu ili avitazame viputo hivyo kwa macho yake. Kisha akaiondoa rafadha moja na kuweka shafti tatu, kila moja ikiwa na rafadha tatu ndogo, ili mzigo ugawanyike. Mwaka wa 1897, mbele ya manowari zilizokusanyika Spithead kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Turbinia ilipita kwa kasi ya maili zaidi ya 30 za baharini kwa saa.

Tangu hapo kila mwunda rafadha hutembea juu ya uzi mwembamba. Akipunguza upana wa mapanga ili aondoe msuguano, hukaribisha viputo. Akiyapanua ili aviepuke viputo, msuguano huongezeka. Akitaka rafadha kubwa zaidi, huzuiwa na umbo la meli na kina cha maji bandarini, kwa sababu rafadha sharti ibaki imezama hata meli ikiwa haina shehena.

Kuokoa kilichopotea

Mwelekeo wa miongo ya karibuni umekuwa kuifuata kanuni ya Rankine kadiri inavyowezekana. Meli ya kontena Emma Mærsk, iliyoanza kazi mwaka wa 2006, ilipewa rafadha moja yenye mapanga sita, kipenyo cha mita 9.6 na uzani wa takriban tani 130. Iliundwa iende mbio.

Miaka saba baadaye, kampuni hiyo hiyo ya Denmark ilileta meli kubwa zaidi za aina ya Triple-E. Hizi zina rafadha mbili, kila moja ikiwa na mapanga manne na kipenyo cha mita 9.8, zikizungushwa na injini za mwendo wa pole. Msukumo umegawanywa juu ya maji mengi zaidi, mapanga yamepunguzwa, na kasi ya safari imeshushwa.

Aidha, wahandisi wamebuni vifaa vya kunasa nishati inayotoroka. Nchini Japani, kampuni ya Mitsui O.S.K. Lines na washirika wake walianza katika miaka ya 1980 kuweka mapezi madogo kwenye kofia ya kitovu cha rafadha. Mapezi hayo huvunja kimbunga kidogo cha maji kinachojisokota nyuma ya kitovu. Yamefungwa katika maelfu ya meli, na watengenezaji husema huokoa takriban asilimia 5 ya mafuta.

Kadhalika, Mjerumani Ludwig Kort alibuni katika miaka ya 1930 pete pana inayoizunguka rafadha. Pete hiyo huongeza msukumo chombo kinapovuta mzigo mzito kwa mwendo mdogo, na ndiyo sababu huonekana sana kwenye boti zinazovuta meli bandarini. Katika mwendo wa kasi, hata hivyo, pete yenyewe hugeuka kizuizi.

Si kila ubunifu hufua dafu. Meli maarufu ya abiria, Queen Elizabeth 2, ilipobadilishiwa injini mwaka wa 1987, iliwekewa nyuma ya rafadha zake magurudumu huru yaliyobuniwa na Mjerumani Otto Grim ili yavune nishati iliyomo katika maji yanayozunguka. Kimahesabu yalifaa. Baharini, mapanga yake mengi yalivunjika wakati wa majaribio, na magurudumu hayo yakaondolewa.

Mwenye meli anapaswa pia kujihadhari na hesabu za wauzaji. Vifaa vitatu vyenye kuokoa asilimia 5 kila kimoja havileti asilimia 15, kwa sababu mara nyingi vyote hugombea hasara ile ile. Kilichokwisha kunaswa na kimoja hakiwezi kunaswa tena na kingine.

Rafadha na safari yake

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba hakuna rafadha iliyo bora peke yake. Ubora wake hupimwa kwa meli inayoisukuma na kasi ambayo meli hiyo husafiri kwa kweli.

Meli nyingi za kontena zilizoundwa mwanzoni mwa karne hii zilikusudiwa kwenda maili 24 au 25 za baharini kwa saa. Bei ya mafuta ilipopanda na uchumi wa dunia ukayumba mwaka wa 2008, kampuni zikaamua kupunguza mwendo. Kasi ikipunguzwa kwa asilimia 10, nguvu zinazohitajika hupungua kwa zaidi ya robo.

Uamuzi huo uliokoa mafuta mengi, lakini uliacha rafadha zikifanya kazi ambayo hazikuundiwa. Ndipo kampuni kama Maersk na Hapag-Lloyd zilipoanza kuzibadilishia meli zao rafadha, na hata kuzichonga upya omo zake, ili viafikiane na mwendo mpya.

Sheria nazo zimeongeza msukumo. Tangu mwaka wa 2013, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini (IMO) linazitaka meli mpya zitimize viwango vya ufanisi wa nishati, na kuanzia Januari 2023 masharti ya namna hiyo yaliwekewa meli zilizokuwa tayari zikihudumu.

Lakini mafuta si kipimo pekee. Viputo vya rafadha ndivyo chanzo kikuu cha kelele za meli chini ya maji, na nyangumi huwasiliana kwa sauti. Wale wenye nundu hupita karibu na pwani ya Kenya kati ya Julai na Septemba. Rafadha inayotuliza kelele huenda ikapoteza kiasi kidogo cha ufanisi, na jamii itabidi iamue ni gharama gani iko tayari kuibeba.

Funzo kwa mvuvi

Mambo haya hayawahusu wenye meli kubwa pekee. Mvuvi wa Lamu, Vanga au Ziwa Victoria mwenye injini ndogo iliyofungwa tezini hukabiliwa na kanuni zizo hizo.

Kwa kawaida rafadha ya injini ya namna hiyo hupigwa chapa ya namba mbili kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kitabu cha injini nacho hueleza idadi ya mizunguko ambayo injini inapaswa kufikia ikiendeshwa kwa nguvu zote.

Ikiwa boti imebeba shehena yake ya kawaida na injini haifikii idadi hiyo, huenda hatua ya rafadha ni kubwa mno, na injini inalemewa kama mwendesha baiskeli anayepanda mlima kwa gia nzito. Ikiwa injini inapita idadi hiyo, huenda hatua ni ndogo, na petroli inateketezwa bila mwendo wa maana.

Pia panga lililopinda kwa kugonga mwamba, au lililoota viumbe vidogo vya baharini, hula mafuta kimyakimya. Katika maji ya joto kama yetu viumbe hivyo humea upesi. Kwa meli kubwa na boti ndogo, kuisafisha rafadha na kuinyoosha ni miongoni mwa njia za bei nafuu kabisa za kurejesha ufanisi.

Kwa hivyo, mvuvi anayetaka kubana matumizi asikimbilie kununua injini kubwa kabla hajaikagua rafadha aliyo nayo. Huenda mafuta anayoyalipia kila asubuhi yanabaki nyuma ya tezi yake, yakiyazungusha maji ya bahari bure.