Kabla hujang'oa bati, kaa na mwenzako



Huenda nawe una nyumba mbili kichwani. Moja ni hii unayolala leo. Mliijenga kidogo kidogo kwa mshahara na mikopo ya SACCOS, mkahamia kabla haijapigwa plasta, watoto wakakulia humo. Nyingine iko kijijini, aliiacha marehemu baba. Mabati yameliwa na kutu, mchwa wamepanda hadi darini, ukuta wa nyuma una ufa. Unakaribia kustaafu, au umekwisha kustaafu. Usiku unapiga hesabu: nikiuza hii ya mjini nikaikarabati ile ya kijijini, nitapunguza gharama za maisha, nitafuga kidogo, na siku yangu ikifika nitalala karibu na wazee wangu.

Si wazo baya hata kidogo. Mungu hakumwumba mtu aishi maisha yake yote akisikiliza honi za daladala. Lakini nimeona jinsi jambo hili jema linavyoweza kubomoa ndoa ya miaka thelathini, na ndiyo maana leo nataka tulitazame pamoja.

Mume na mke wa parokia niliyowahi kuhudumia Dar es Salaam wameniruhusu nisimulie habari yao bila kutaja majina. Mume alipostaafu alipokea kiinua mgongo chake. Kwao ni milimani, wilayani Mbinga. Nyumba ya baba yake ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, nayo ilijengwa enzi kahawa ilipokuwa inalipa. Alianza kuikarabati akiwa Dar, kwa simu na kwa kutuma fedha. Fundi akashauri waanze na paa. Mwezi wa tisa mabati yakang'olewa.

Hapo ndipo matatizo yakaanza. Mbao za kenchi kwa nje zilionekana nzima, lakini ukizigonga zinalia kama ganda tupu. Mchwa walikuwa wamekula ndani yote. Paa lilipoondoka, ukuta wa nyuma ukaonekana umeachana na kona. Hesabu ya kwanza ikawa mara mbili. Kila aliyewahi kukarabati nyumba ya zamani anaijua habari hii: nyumba kuukuu haikuambii ugonjwa wake mpaka uivue nguo.

Kiinua mgongo kikaisha, na huko Ruvuma mvua huanza Novemba au Desemba, ikaendelea hadi Aprili. Kuta zilizojengewa udongo, zikiwa wazi, haziwezi kuistahimili mvua ya miezi mitano. Mzee akaingiwa na hofu. Akampigia dalali simu ili nyumba ya Dar iuzwe haraka. Mkewe hakumwambia. Baadaye alinieleza kwamba hakutaka kumtia wasiwasi kabla hajajua bei.

Mama alijua hivi: asubuhi akiwa anaanika nguo, geti likagongwa. Akafungua. Kijana mmoja akiwa na wageni wawili akamwambia, "Samahani mama, tumekuja kuangalia nyumba."

Siku ile ile alikuja ofisini kwangu. Hakuwa analia. Alikaa, akaniuliza kama nilikuwa najua. Nilimwambia sikujua. Kisha, msomaji wangu, nikafanya kosa ambalo sisi mapadre hulifanya tunapotaka jibu la haraka. Nikamkumbusha habari ya Sara aliyeacha nyumbani kwao akamfuata Abrahamu. Akanitazama kwa muda, akasema, "Baba, Sara alifunga mizigo akijua kwamba wanasafiri."

Nikanyamaza. Ndipo akatoa lililokuwa moyoni: "Kule nyumba ni ya baba yake, shamba ni la ukoo. Akitangulia yeye, mimi nitakuwa nani pale?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nimelibeba tangu siku ile, na leo nakukabidhi wewe unayepanga kuuza na kukarabati.

Tuanze na sheria ya nchi, maana Mkristo haishi juu ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Kwa hiyo mzee wetu, hata angempata mnunuzi siku ile, angekuwa anauza mgogoro. Wanunuzi wengi wamelia mahakamani kwa sababu hii, na wake wengi wamelia majumbani kwa sababu hawakujua kwamba sheria ipo upande wao.

Sasa tufungue Maandiko. Katika Luka 14:28-30 Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hukaa kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mara nyingi tunahubiri maneno hayo tukifikiria saruji na nondo. Lakini angalia mahali Bwana alipoyasemea: alikuwa anawaeleza makutano gharama ya kumfuata. Gharama kubwa ilikuwa watu na mioyo yao. Mzee wetu alihesabu mbao, mabati na misumari. Hakuhesabu jumuiya ndogo ndogo ambayo mkewe alikuwa amesali nayo kila wiki kwa miaka ishirini. Hakuhesabu kliniki yake ya shinikizo la damu. Hakuhesabu hofu yake ya ujane.

Soma pia Yeremia 32:6-15. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kizuizini katika uwanja wa walinzi. Mungu anamwagiza anunue shamba la jamaa yake Hanameli huko Anathothi. Kwa macho ya biashara ni wazimu. Lakini tazama anavyonunua: anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi, kisha anamwagiza Baruku aziweke hati zote mbili, ile iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nabii aliyekuwa anasikia sauti ya Mungu waziwazi hakusema, "Tuaminiane tu." Aliandikishana. Imani haikumzuia kutafuta karatasi, wino na mashahidi. Basi wewe unayesema, "Sisi ni ndugu, karatasi za nini?" jiulize kama unamwamini Mungu kuliko Yeremia.

Na yupo Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Wengi tunajua kwamba akisali mbele ya msalaba katika kikanisa kibovu cha San Damiano, alijisikia akiitwa kukarabati nyumba ya Mungu. Kisichosimuliwa sana ni alivyoanza. Alichukua vitambaa dukani kwa baba yake, akaenda kuviuza mji wa Foligno pamoja na farasi, akampelekea padre wa San Damiano fedha. Padre yule akazikataa. Baba yake akachachamaa, shauri likafika kwa askofu, na askofu akamtaka Fransisko azirudishe. Akazirudisha, hata nguo alizovaa. Kisha akaanza upya, akiomba mawe kwa watu na kuyabeba begani. Hata kazi aliyoagizwa na Mungu haikuweza kujengwa kwa kuuza kisicho chake peke yake. Mtakatifu mkubwa kiasi hicho alianza vibaya, akasahihishwa, akakubali kusahihishwa. Kuna matumaini kwa wastaafu wetu.

Mpendwa msomaji, kama uko njiani kufanya jambo hili, pokea ushauri wa mchungaji wako.

Kwanza, zungumzeni kabla ya dalali. Si kupeana taarifa, ni kuulizana. Muulize mwenzako anaogopa nini, kisha usimjibu siku hiyo hiyo. Waiteni na watoto, maana nao wana haki ya kuaga nyumba waliyokulia.

Pili, usivue paa la kijijini kwa fedha iliyo mfukoni kwa mnunuzi wa mjini. Kianzio kinaweza kurudishwa, benki inaweza kukataa mkopo wake, msiba unaweza kumpata. Fedha ni yako ikishaingia, na baada ya kulipa kodi inayotozwa kwenye faida ya mauzo. Tunzeni risiti zenu za ujenzi tangu zamani, zitawasaidia siku ya hesabu.

Tatu, kagua nyumba kuukuu kwa miguu yako mwenyewe, ukiwa na fundi asiyetegemea kupewa kazi hiyo. Anza chini: maji ya mvua yanaelekea wapi, msingi umekaaje. Kisha kuta, kisha paa. Milango na rangi ni mwisho. Na tenga fungu kwa ajili ya yale ambayo hakuna aliyeyaona bado, kwa sababu yapo. Ikibidi, maliza vyumba viwili mhamie, vingine vifuate.

Nne, uza kama Mkristo. Kupaka rangi juu ya ufa ili mnunuzi asiuone ni wizi, hata kama hukuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Kupokea kianzio cha watu wawili kwa nyumba moja ni wizi. Amri ya Saba inafika hadi kwenye mkataba wa mauzo. Mwonyeshe bomba linalovuja, mweleze mpaka wenye ubishi. Utapata bei pungufu na usingizi kamili.

Tano, lijibu swali la mama yule kwa maandishi. Ardhi ya kijiji inaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hati hiyo inaweza kubeba majina ya wanandoa wote wawili. Kama kiwanja ni cha ukoo, itisheni kikao, mwandike muhtasari, wahusika watie sahihi wakiwa hai na wana akili timamu. Bwana wetu aliwakemea vikali waliokuwa wanakula nyumba za wajane. Usimwachie mkeo vita ambavyo wewe uliogopa kuvipigana.

Sasa, yaliwaishiaje wenzetu? Dalali aliambiwa asubiri. Mabati kuukuu yalirudishwa juu ya vyumba viwili vya mbele, ukuta wa nyuma ukafunikwa kwa turubai. Mvua ilikuja. Kona moja ilianguka mwezi wa kwanza, na mzee aliumia sana. Lakini Krismasi ile walikaa sebuleni na watoto wao wanne, na kwa mara ya kwanza mzee akasema, "Mimi naogopa kufia mjini." Mama akajibu, "Na mimi naogopa kufiwa kijijini." Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, kila mmoja na hofu yake.

Baada ya Pasaka walisafiri pamoja. Kikao cha ukoo kilichukua siku mbili. Mdogo wake mzee alipinga jina la shemeji yake kuandikwa, na mpaka leo salamu zao ni za shida. Hilo limebaki jeraha, siwezi kulipamba. Lakini hati ilitoka ina majina mawili. Nyumba ya Dar iliuzwa mwezi wa saba, mbele ya wakili, kwa sahihi mbili, na mnunuzi alionyeshwa kila ufa. Sehemu ya fedha waliiweka kwenye akaunti ambayo hakuna anayeweza kuigusa peke yake.

Jioni ya mwisho jumuiya ilikuja kusali rozari katika sebule isiyo na viti. Tuliketi kwenye mikeka. Mama hakuzungumza sana. Nilipokuwa natoka nilimwona uani akichimbua shina la mchaichai, akalifunga ndani ya mfuko pamoja na udongo wake.

Alinipigia simu mvua za kwanza zilipoanza. Akasema paa halivuji, mchaichai umeshika, na jumuiya ya kule wanaimba taratibu mno, lakini atawazoesha.

Waraka kwa Waebrania unatukumbusha kwamba hapa duniani hatuna mji wa kudumu, tunautafuta ule ujao. Ni kweli. Hata nyumba mpya ya Mbinga ipo siku itahitaji mabati mengine. Lakini kwa sababu sisi ni wasafiri, haifai mmoja afungue geti aambiwe na mgeni kwamba safari imeshaanza.

Basi leo ukitoka kanisani, kabla hujampigia fundi wala dalali, mkaribishe mwenzako mkae barazani. Mwambie unachowaza, kisha umuulize lile swali: nikitangulia mimi, wewe utakuwa nani pale? Halafu sikiliza.

Nakutakia Dominika njema.