Kahawa ya chujio ya India Kusini: Robusta tunayoiuza, tujue na kuinywa

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA barabara ya kutoka Masaka kwenda Mutukula msimu wa mavuno, utaona kahawa imeanikwa kila mahali: uani, mbele ya maduka na kando ya lami. Lakini ukiingia katika moja ya nyumba hizo na kuomba kikombe cha kahawa, aghalabu utaletewa chai ya maziwa, au maji ya moto na kopo la kahawa ya dukani iliyotengenezwa kiwandani. Ile iliyoanikwa nje ni ya kuuza.

Uganda ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa barani Afrika na sehemu kubwa ya kahawa hiyo ni robusta. India, ingawa inalima kahawa yake yenyewe, ni mmoja wa wateja wetu. Wengi wetu tumeambiwa tangu utotoni kwamba robusta ni kahawa ya daraja la chini, ya kuchanganyia tu. Nami niliamini hivyo mpaka nilipokwenda kusoma katika mji wa Mysore, ambao tangu mwaka 2014 unaitwa rasmi Mysuru, katika jimbo la Karnataka. Huko nilikuta watu ambao asubuhi haiwi asubuhi bila kahawa ya maziwa iliyochujwa polepole, na ndani ya kikombe hicho mara nyingi robusta imo, wala hawaoni haya kuitaja.

Ninaandika makala haya kwa ajili ya wenzangu waliorudi kutoka India na bado wanaikumbuka kahawa ile, na kwa ajili ya wafanyabiashara wa mpakani wanaobeba magunia ya kahawa mwaka mzima bila kuionja. Kuipika nyumbani hakuhitaji umeme wala mashine ya gharama. Tena kuna faida nyingine, nitaieleza mbele.

Ilikotoka

Wahindi wa Karnataka husimulia kwamba mtu mchamungu wa Kisufi aitwaye Baba Budan, katika karne ya 17, alirudi kutoka hija akipitia bandari ya Mocha huko Yemen, akaficha mbegu saba za kahawa na kuzipanda katika milima ya Chikmagalur. Iwe ni historia au hadithi, milima hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo, na Karnataka peke yake hutoa takriban asilimia 70 ya kahawa yote ya India. Nyingine hutoka hasa Kerala na Tamil Nadu.

Robusta ilifika baadaye. Kutu ya majani ilianza kuteketeza mashamba ya Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, mwaka 1869, na India nayo haikusalimika. Wakulima wakahitaji mti unaostahimili. Robusta, ambayo hapa kwetu Uganda huota yenyewe msituni, ikawa jibu. Leo India inavuna robusta nyingi kuliko arabika, na wamefika hatua ya kuwa na daraja maalumu la robusta iliyooshwa na kuchambuliwa punje kwa punje, liitwalo Robusta Kaapi Royale. "Kaapi" ndivyo Wahindi wa kusini wanavyotamka kahawa.

Kinywaji hiki kina heshima yake katika jamii. Mwanahistoria A. R. Venkatachalapathy, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu maisha ya Watamil, ameeleza jinsi kahawa ilivyokuwa alama ya watu wa tabaka la kati huku chai ikihesabiwa kuwa ya vibarua. Baadaye ilisambaa kwa kila mtu. Bodi ya Kahawa ya India ilipoanza kufunga migahawa yake miaka ya 1950, wafanyakazi waliopoteza kazi waliunda vyama vya ushirika, cha kwanza kikiwa Bangalore mwaka 1957, wakaiendesha migahawa hiyo wenyewe.

Chombo chenyewe

Chujio la India Kusini ni vikombe viwili vya shaba nyeupe au vya chuma kisichoshika kutu, kimoja kikikaa juu ya kingine. Cha juu kina matundu madogo mengi chini yake. Ndani yake huwekwa kisahani chenye matundu na kishikio katikati, mfano wa mwavuli mdogo, cha kulaza unga wa kahawa. Juu kuna kifuniko. Hakuna karatasi wala kitambaa. Unga wenyewe ndio unaozuia maji yasipite haraka.

Ulizia katika maduka ya vyombo ya Wahindi mjini, au mwagize ndugu anayesafiri. Ukikosa, fundi mwenye drili ndogo anaweza kutoboa bilauri ya chuma kisichoshika kutu matundu yenye upana wa milimita moja hivi, ikakaa juu ya nyingine. Usikubali chombo kilichochomelewa kwa risasi, kwa sababu risasi ni sumu na kahawa ya moto huila.

Kukaanga na kusaga

Katika mitaa ya Mysore kuna maduka madogo ya kukaanga na kusaga kahawa. Mteja hutaja anachotaka: nusu arabika, nusu robusta, au robusta ya punje za mviringo, zile zinazokaa peke yake ndani ya tunda badala ya mbili mbili. Husagiwa palepale akaondoka na mfuko ungali na joto. Hununua ya wiki moja au mbili tu, kwa sababu unga wa kahawa hupoteza harufu upesi kuliko punje nzima.

Hapa kwetu unaweza kukaanga mwenyewe. Chukua buni, yaani kahawa iliyokwisha kukobolewa, uichambue na kutupa nyeusi, zilizoliwa na wadudu na zilizovunjika. Weka nusu kilo kwenye sufuria nzito au chungu kipana, moto wa wastani, na ukoroge bila kuacha. Baada ya dakika kumi hivi punje zitaanza kupasuka kama bisi. Endelea mpaka ziwe rangi ya chokoleti iliyoiva, kisha epua kabla hazijatoa mafuta mengi na kung'aa. Jumla ni dakika 15 hadi 20. Zimwage mara moja kwenye ungo na uzipepete zipoe, la sivyo zitaendelea kuungua kwa joto lake zenyewe.

Usizisage siku hiyo hiyo. Kahawa iliyotoka motoni hutoa hewa kwa saa nyingi, na hewa hiyo huyasukuma maji yasipenye vizuri. Iache siku moja au mbili. Ukisaga kwa kinu, chekecha na urudie chenga kubwa, mpaka upate unga wa kama mchanga laini. Ukiwa kama unga wa ngano, chujio litaziba. Ukiwa kama chenga za mahindi, maji yatapita mbio na kahawa itakuwa nyepesi.

Kuhusu chikori

Chikori ni mzizi unaokaangwa na kusagwa. Wafaransa waliuzoea zaidi wakati wa Napoleon, kahawa ilipokuwa adimu kwa sababu ya vikwazo vya biashara vilivyoanza mwaka 1806. Hauna kafeini. Huipa kahawa rangi nzito, utamu wa mbali na unene mdomoni, na pia hupunguza mwendo wa maji kwenye chujio. Wapo wanaotia asilimia 10, wapo wanaofika 30. Sheria ya India inataka mchanganyiko uwe na kahawa isiyopungua asilimia 51, na kiasi kiandikwe kwenye pakiti. Kwa hiyo ukinunua pakiti kutoka India, soma maandishi: huenda karibu nusu ya ulicholipia si kahawa.

Binafsi naona robusta nzuri haihitaji chikori nyingi, kwa kuwa ina uzito wake wa asili. Ukitumia arabika tupu, asilimia 15 itakusaidia kuhimili maziwa.

Kupika hatua kwa hatua

Kwa watu watatu au wanne chukua gramu 25 za unga, sawa na vijiko vinne hadi vitano vya chakula vilivyosawazishwa, na maji mililita 150.

Tia unga kwenye kikombe cha juu, gonga kidogo ulale sawa. Weka kisahani na ukikandamize kwa kidole kimoja tu.

Chemsha maji. Vitabu vingi vya mapishi husema yaache yapoe kidogo kwanza. Ushauri huo ni sahihi kwa mtu wa Chennai au Mombasa, pwani, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini Masaka na Kampala ziko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Kabale ni chini zaidi, karibu nyuzi 93. Kwa hiyo huku kwetu mimina mara tu yanapochemka.

Kwanza mimina vijiko viwili vitatu tu vya kulowanisha unga, subiri nusu dakika uvimbe, kisha mimina yaliyobaki taratibu na ufunike. Sasa acha. Kwa dakika 20 hadi 30 maji yatadondoka tone kwa tone. Wengi hutayarisha chujio usiku na kulikuta tayari alfajiri.

Yakipita kwa dakika tano, unga ni mkubwa au ulilazwa vibaya. Yakigoma kabisa, inua kikombe cha juu kidogo na ukirudishe, maana mara nyingi hewa imenaswa kati ya vikombe viwili. Ikiwa tatizo hujirudia, matundu yameziba: pasha kikombe cha chuma, kikiwa kitupu, juu ya moto, masalia yaungue, kisha sugua kwa brashi.

Unga hubaki na sehemu ya maji, hivyo utapata takriban mililita 100 za kahawa nzito nyeusi, ambayo wenyewe huiita dikoksheni. Usiichemshe kamwe, itakuwa chungu kama dawa. Kinachochemshwa ni maziwa. Tumia maziwa halisi ya ng'ombe, yasiyotiwa maji, yaliyochemka wakati huo huo. Kwa kila bilauri weka sehemu moja ya kahawa na tatu za maziwa, na sukari upendavyo.

Kisha mimina kutoka bilauri kwenda kwenye kibakuli na kurudi, mara tatu au nne, ukiinua mkono. Si maonyesho tu. Sukari huyeyuka, povu hupanda na joto hushuka kiasi cha kunyweka.

Unaweza kumimina maji mara ya pili juu ya unga uleule, lakini hiyo hunywewa na wenye nyumba. Mgeni akipewa ya pili, atajua thamani yake.

Faida kwa anayeuza

Sasa nirudi kwenye ile faida niliyoahidi. Baganda na Wahaya wametafuna kahawa na kumkaribisha mgeni kwayo tangu enzi za mababu, kwa hiyo ladha yake si ngeni kwetu. Lakini katika biashara tumezoea kuihukumu kwa macho na mizani. Mnunuzi akisema mzigo wako una harufu ya udongo, akashusha bei, huna la kumjibu kwa sababu hujawahi kuuonja.

Chujio hili ni kipimo kinachotosha nyumbani. Chukua konzi moja kutoka kila gunia, kobolea, kaanga kila moja peke yake kwa moto uleule, pika kwa kiasi kilekile, na onja dikoksheni kabla ya maziwa. Kahawa iliyokauka juu ya ardhi tupu huleta ladha ya vumbi. Iliyolundikwa ingali mbichi hunuka siki au ukungu. Iliyochumwa ikiwa kijani hukwaruza ulimi. Iliyochumwa nyekundu na kuanikwa kwenye turubai au kichanja, ikageuzwa kila mara hadi unyevu ukashuka kufikia asilimia 12 au 13, huwa na ladha ya karanga zilizokaangwa na kakao, na uchungu wake hauganda kooni.

Iliyo na ukungu usiinywe wala usijaribu kuiokoa kwa kuikaanga sana. Itenge, maana gunia moja baya likichanganywa na tisa mazuri, mnunuzi atalipa yote kumi kwa bei ya baya.

Jambo moja la tahadhari: robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Bilauri moja ndogo asubuhi na nyingine alasiri zinatosha. Wajawazito na wenye matatizo ya moyo wamuulize daktari kwanza.

Msimu ujao, kabla hujafunga gunia la mwisho, bakiza kilo mbili nyumbani. Kaanga, saga, pika, na waite majirani waliolima. Mkulima akiionja kahawa aliyoianika kwenye udongo na ile ya jirani yake aliyeianika kwenye turubai, ukweli ataukuta mdomoni mwake mwenyewe, na hutahitaji kumhubiria.