Nani Anakula Faida ya Tingatinga?

Picha za Tingatinga zilianza kwa kuuzwa kwa wageni, na mpaka leo mgeni ndiye anayeshika soko. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, mtaji wake ulikuwa vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Mahali pa kuuzia palikuwa Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, ambako mabalozi na wataalamu wa kigeni walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1972 alipigwa risasi na kuuawa na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne. Akaacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao kusini, nao wakafundisha ndugu zao. Ushirika wa wachoraji ulioandikishwa mwaka 1990 ulikulia palepale Morogoro Stores.

Namna kazi inavyofanyika inaeleza mengi kuhusu bei yake. Kijana anayejifunza huanza kwa kupaka mandhari ya nyuma ya picha za mkubwa wake. Baadaye hupewa majani, kisha madoa ya chui, na siku moja huachiwa picha nzima. Michoro inayouzika hurudiwa: twiga wawili chini ya mbuyu, ndege wenye mikia mirefu, tembo wa rangi ambazo hakuna tembo aliyewahi kuwa nazo. Hakuna anayeona haya kurudia. Mtindo wenyewe ulienea hivyohivyo, mjomba akimwachia mpwa amwige mpaka mkono wake ukae sawa. Aliyezoea huweza kumaliza picha ndogo kadhaa kwa siku, na hapo ndipo riziki ilipo, kwa sababu kinachomlipa ni wingi.

Umbo la bidhaa nalo limeamuliwa na mnunuzi, au tuseme begi lake. Hadibodi ni nzito na haikunjiki, kwa hiyo wachoraji wengi wamehamia kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Mteja akilipa, kitambaa kinabanduliwa, kinaviringishwa na kutiwa ndani ya bomba la karatasi, kinapanda ndege. Wachongaji wa vinyago wa Mwenge wangetamani wepesi huo, kwani mpingo hauviringishwi. Lakini wepesi wa kubeba ni wepesi wa kuiga pia. Picha za mtindo huo zimetundikwa kwenye maduka ya Mji Mkongwe Zanzibar, Arusha na Nairobi, na muuzaji wa huko mara nyingi hajui nani kazichora. Mtalii anayelinganisha bei haoni sababu ya kulipa zaidi Oysterbay.

Nje ya Afrika, Japani ndiyo imeipenda sanaa hii kuliko wengi. S. G. Mpata, mmoja wa kizazi cha kwanza, aliwavutia Wajapani kiasi kwamba hoteli yao ya kitalii ya Masai Mara ikaitwa kwa jina lake. Yeye alikuwa amefariki mwaka 1984. Wadenmaki nao wamekusanya picha, wakachapa vitabu na kufanya maonyesho. Haya yote ni mabadilishano ya utamaduni kwa maana kamili, na yameipa Tanzania sifa ambayo tangazo la serikali lisingeinunua. Hesabu ya shilingi, hata hivyo, ni nyingine. Mchoraji hulipwa mara moja tu, siku picha inapotoka mkononi mwake. Fremu ya kioo ya ughaibuni, kitabu, kalenda na kiingilio cha maonyesho ni mapato ya watu wengine.

Mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 2010, CBeebies ya BBC ilipoanza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni za watoto zenye vipindi 52. Uhuishaji ulifanyika Nairobi na kuwapa kazi vijana wengi, jambo la kupongezwa. Disney ikazipeleka kwa watoto wa Marekani. Mtindo ulizaliwa Dar es Salaam, kazi ya studio ikafanyika Kenya, na kampuni mama ya uzalishaji, Tiger Aspect, ni ya London.

Wengi hukimbilia kusema dawa ya mgawanyo huu wa faida ni sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, lakini hakimiliki hulinda picha fulani ya mtu fulani. Hailindi mtindo. Na ushirika uliojengwa juu ya kuigana utamshtaki nani kwa kuiga? Kwa maoni yangu, nguvu zinazopotea kuwafukuza waigaji zingefaa kuelekezwa kwenye jina la mchoraji. Msanii George Lilanga, aliyepitia kituo cha Nyumba ya Sanaa cha Dar es Salaam na kuonyesha kazi zake Washington mwaka 1978, aliingia kwenye mkusanyo mashuhuri wa sanaa ya Afrika wa Jean Pigozzi kwa jina lake mwenyewe, na mkusanyaji wa aina hiyo hulipia historia ya kazi pamoja na rangi. Picha nyingi za Oysterbay zina sahihi pembeni, lakini sahihi isiyo na kumbukumbu nyuma yake haimsaidii mnunuzi wa pili. Daftari la ushirika lenye namba ya picha, mwaka, mchoraji na msaidizi wake halihitaji mfadhili, linahitaji karani.

Kikwazo kingine ni malipo. Kwa muda mrefu huduma kubwa za malipo za kimataifa zimemrahisishia Mtanzania kulipa kuliko kupokea. Mteja wa Tokyo anayetaka picha kutoka kwa mchoraji mwenyewe hujikuta anapitia duka la mtandaoni la Ulaya, na duka hilo ndilo linalopanga bei.