Usiung'oe Mimea kwa Sababu ya Mwani

Wenzetu wengi wanaofuga samaki chumbani wakiona utando wa kijani kwenye majani ya mimea ya tangi, uamuzi ni mmoja: ng'oa yote, weka maua ya plastiki. Mimi nasema ngoja kwanza. Ukiondoa mimea hai umemwondolea mwani mpinzani wake, nao utahamia kwenye kioo, kwenye mawe, hata kwenye hayo maua ya plastiki.

Mwani unaishi kwa vitu vilevile vinavyotumiwa na mimea: mwanga, hewa ya ukaa, na virutubisho kama naitreti na fosfeti. Virutubisho hivyo hutoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Mmea ukistawi huviwahi. Ukidumaa, mwani unajipakulia. Ndivyo ilivyo hata Ziwa Victoria: mbolea za mashambani na maji taka yakiingia ziwani, mwani unashiba na maji yanageuka kijani. Kwa hiyo jani lenye mwani ni dalili tu. Tatizo lenyewe ni mwanga au chakula kuzidi.

Tuanze na mwanga. Tangi langu la lita 40 liko mbali na dirisha, maana jua letu halina swichi. Taa yake nawasha saa 10 jioni na kuizima saa 5 usiku, basi. Ukikesha unasoma, tumia taa ya meza.

La pili ni chakula. Wape samaki kile wanachoweza kumaliza ndani ya dakika mbili. Kila wiki natoa karibu theluthi ya maji na kuweka mapya. Maji ya bomba yenye klorini nayaacha kwanza kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima.

La tatu ni mimea yenyewe. Anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na Kati, hukua polepole na jani lake hudumu muda mrefu, kwa hiyo mwani hupata pa kukaa. Uweke kwenye kivuli, na kando yake panda mmea unaokua haraka kama valisneria. Jani lililofunikwa kabisa likate. Lililochafuka kidogo lisugue taratibu kwa vidole.

Sasa, jihadharini na njia mbili za mkato. Kwanza, dawa. Mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni. Asubuhi unakuta samaki wanatwetea juu ya maji, au wameshakufa. Pili, eti uokote konokono mtoni au ziwani waje kula mwani. Usithubutu! Baadhi ya konokono wa maji baridi, kama Biomphalaria na Bulinus, hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mkono ulioingia majini. Ukitaka konokono, chukua kwa mfugaji aliyewazalisha kwenye tangi.

Baada ya hapo ni subira ya wiki kadhaa. Majani ya zamani huenda yasing'ae tena, yasikukatishe tamaa. Wewe angalia yale machanga yanayochipua katikati. Yakitoka safi na yakabaki safi, mimea yako imeanza kushinda.