Istilahi za Fidia ya Jeraha la Bega Litokanalo na Chanjo

Wapo wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani wanaohitaji kufasiriwa nyaraka za sheria ya nchi hiyo ya 1986 ihusuyo madhara ya chanjo. Kwa hiyo tumeona vema kufafanua istilahi zake chache.

"Jeraha la bega litokanalo na uchomaji wa chanjo" liliingizwa katika jedwali la madhara mwaka 2017. Tumechagua "uchomaji" kwa makusudi: sindano ikichomwa juu mno, huweza kuumiza tishu za kiungo cha bega. Jedwali hutaka maumivu yaanze katika muda wa saa 48.

Adaiye aitwe "mwombaji" wala si "mshtaki", kwani hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Vivyo hivyo, "fidia" isichanganywe na "faini". Faini ni adhabu. Fidia hii hutoka katika mfuko wa kodi ya chanjo, nayo humfuta mwombaji hasara.

"Ukomo" wa kuomba ni miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Mfasiri akiandika "tangu kuchanjwa", mwenye haki aweza kudhani amekwisha kuchelewa, asiombe kabisa.